Mzaramo Aliyechongwa Ubaoni

Zakaria, mtumwa wangu,

Leo ndiyo mara ya kwanza nakuita hivyo tangu ulipoanguka na koleo mkononi, ukichimba gari kwenye theluji. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Wewe Mzaramo na mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Ulikuwa ukiniita mpagazi, nami nikikuita mtumwa, na asiyetujua pale karakana, huku Marekani, alidhani tutashikana mashati kabla ya chakula cha mchana. Nilikaa miezi mitatu bila kutukanwa na mtu. Hujui jinsi inavyochosha kuheshimiwa na watu wasiokujua.

Mimi niliishia la saba, kwa hiyo nivumilie mahali nitakapokosea. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia barua za nyumbani, na sasa ya kwanza ninayoiandika mwenyewe ni yako.

Nakuandikia kwa ajili ya ile ahadi. Tulikuwa tumekaa juu ya makreti kwenye karakana ya fremu, saa ya kula, wewe na wali wako wa nazi ya kopo uliokuwa ukiulaani kila siku na kuumaliza kila siku. Ulikuwa umepata habari kwamba mjomba wako amezikwa Maneromango na watani waliofika ni wawili tu, tena vizee, wakacheka kidogo wakaenda zao. Ukaniambia, "Mpagazi, mimi nikitangulia usinililie. Wa kulia watakuwepo. Wewe unicheke mpaka mchungaji akimbie." Nikakujibu kwamba nitalala kaburini mwako nisitoke mpaka nilipwe. Ulicheka mpaka ukapaliwa na wali. Mimi pia nilicheka. Nani angefikiri.

Basi ngoja nikueleze nilivyofanya, maana wewe ulikuwa umelala pale mbele na sijui wafu huona kiasi gani.

Asubuhi ya mazishi nilivaa makoti yako matatu. Mkeo, Mama Neema, alikuwa amenipa niyapeleke kwa wahitaji. Sikuyapeleka, niliyavaa moja juu ya jingine kama ulivyokuwa ukiyavaa, na ile kofia yako ya masikio. Nikasubiri wimbo wa kwanza uishe. Kisha nikaingia kwa mlango wa nyuma nikichechemea kama wewe, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye jeneza, nikasema kwa sauti yako: "Nani amechukua koleo langu? Ninyi mnaimba tu, gari anachimba nani?"

Nyumbani wangeangua kicheko. Mama yako mzazi angenirushia kiatu, angelia na kucheka pamoja, na moyo wake ungepata pa kupumulia. Pale kanisani hakucheka mtu. Nilisikia maji yakipita kwenye mabomba ya joto. Watanzania tulikuwa wanne, na wale watatu, vijana wa chuo, waliangalia viatu vyao. Wamarekani walidhani nimerukwa na akili kwa uchungu, na mama mmoja akaanza kunililia mimi. Mzee wa kanisa, yule Mkenya mrefu, alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Twende nje kidogo, ndugu yangu." Nikamwona mkeo amesimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Hata leo, Mihayo? Hata leo unamfanya bwanangu kiroja?"

Kwao Murang'a, Kenya, maiti hachekwi. Alijua kwamba wewe na mimi tunatukanana, alitusikia kila Jumapili mezani kwake, lakini hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo huendelea mpaka kaburini. Mimi sikumwambia. Nilifikiri ulimwambia wewe. Huenda nawe ulifikiri nitamwambia mimi. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilisimama nje kwenye theluji na makoti matatu, na bado nilitetemeka. Sikwenda makaburini. Nasikia ardhi ilikuwa jiwe, wakaipasha moto kwanza ndipo mashine ikaweza kuchimba. Walikufukia kwa heshima zote, bila mtani hata mmoja.

Tangu siku hiyo sikukanyaga tena kwenu Brooklyn Park. Nitakwambia na aibu nyingine. Mara moja nilimwona mkeo kwenye lile duka kubwa la Roseville, amemshika Neema mkono, nikajificha nyuma ya mashati yaliyotundikwa mpaka wakapita. Mtu mzima na ndevu zangu. Neema alikuwa amevaa viatu vilivyoanza kumbana, alikuwa akitembea kwa vidole. Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na koti.

Karakana imebadilika. Kwenye meza yako ya kukata vioo wameweka kijana mpole, ananiita bwana, anaomba samahani hata nikimkanyaga mimi. Anakata vizuri, sikufichi, na havunji kama wewe. Mimi bado napigilia makreti. Mgongo umezidi. Mchana nakula peke yangu, na nimegundua kwamba chakula changu hakina ladha. Kumbe miaka yote ulikuwa ukisema kweli.

Aliyenitoa kwenye hali hiyo ni Mzee Haruo wa ghorofani. Huyo naye anakuulizia. Anakuita "yule wa kicheko". Unakumbuka jinsi tulivyompandishia mbao, naye akitupa chai isiyo na sukari. Mimi nilikuwa nikimwogopa yule Mjapani na ukimya wake na visu vyake vidogo, wewe uliingia siku ya kwanza, ukatazama picha zake zilizochapwa kwa mbao, wale watu wa kale wenye macho ya kufumba, ukamwuliza, "Mzee, mbona wote wana usingizi? Wamepiga shifti mbili?" Nilitamani sakafu inimeze. Akacheka mpaka akashika meza.

Unakumbuka pia zile picha zilizoharibika, zenye rangi iliyotoka nje ya mstari, ulivyozibeba kwenda kuziba upepo wa dirisha lenu la jikoni? Nilikwambia utatufukuzisha kazi. Aliposikia alisema bibi yake alifanya hivyohivyo, alizibandika kwenye matundu ya milango ya karatasi kuzuia baridi. Alisema zamani huko kwao picha moja ilikuwa bei ya bakuli la tambi. Wachukuzi walinunua, wafua nguo walinunua. Mtoto akiumwa ndui walimbandikia picha nyekundu juu ya kitanda, akipona wakaichoma. Vyombo vya udongo vilifungwa kwa picha kuukuu kama sisi tunavyofunga maandazi kwa gazeti. Na sasa wenye fedha wa mji huu wanazileta kwetu tuziwekee kioo na fremu, na tunavaa glavu kuzigusa. Ulimwambia, "Basi tumewafunga jela hao." Alilipenda neno hilo. Bado analisema.

Mwezi wa tatu nilimpandishia kreti, nikamkuta anaziba pembe ya picha iliyochanika. Ilikuwa ya mwanamume aliyevaa nguo ya samawati iliyopauka, na maandishi ubavuni. Nikauliza kwa adabu tu. Akaniambia huyo ni mwigizaji wa jukwaani, amekufa, na hiyo ndiyo nguo ya kufia. Akifa mwigizaji aliyependwa, alisema, wachongaji walikaa chini siku hiyohiyo. Siku chache baadaye picha ya marehemu ilikuwa inauzwa barabarani, na jina lake na umri wake na mahali alipozikwa, ili hata muuza samaki awe na kitu cha kulilia. Kisha akavuta droo akatoa nyingine. Hiyo, Zakaria, ilikuwa utani mtupu. Marehemu anaburutwa na zimwi kwenda kuzimu, wanawake wamemng'ang'ania nguo wanamvuta huku, kikongwe mmoja ameshika mguu, na pembeni hata paka analia, anajifuta macho kwa kitambaa.

Nilimwuliza, "Na wafiwa hawakukasirika?" Akafikiri. Akasema, "Wengine walikasirika. Lakini walinunua."

Nilikaa juu ya kreti nikamwambia habari yote, ya kanisani, ya makoti, ya koleo. Kiingereza changu unakijua, ilichukua muda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Alichukua kipande cha ubao wa mti wa cheri, akakisukuma mbele yangu.

Nikawa napanda kwake kila nikitoka kazini. Nilikuchora mimi mwenyewe, yeye alinisaidia mikono tu, maana mikono ilinishinda. Umechorwa unapanda kwenda mbinguni, kichwa kama kifuu cha nazi, makoti matatu, kofia ya masikio, koleo begani. Malaika yuko langoni anatazama saa kwa sababu umechelewa. Mimi niko chini, sina shingo, nimekukamata pindo la koti nakuvuta. Pembeni nimeweka sufuria ya wali.

Kuchora ni rahisi, mwanangu. Kuchonga ndiyo kazi. Nilidhani unachonga mstari. Kumbe mstari huugusi, unachonga huku na huku kwake mpaka unabaki umesimama peke yake. Nilivunja pua yako mara mbili. Mara ya tatu Mzee Haruo akanishika mkono, akaniambia niache kukata kama mtu anayefungua kreti. Vidole vyangu vilivyozoea nyundo vilikuwa vikitoka damu kwa kisu kidogo kama unyoya. Na kuna siku niliacha kisu nikalia, kwa sababu nilikuwa nachonga mdomo wako na ulikuwa umeanza kufanana.

Kuna kosa nililolifanya kwa ukaidi. Mzee alinionya kwamba karatasi yenye mchoro hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, ili ikichapwa ije sawa. Nilipoibandika hivyo mistari haikuonekana vizuri kwa macho yangu, nikaibandua yeye alipokwenda kuchemsha chai, nikaichora upya, nikaibandika chali. Nikasema moyoni, hata ikigeuka, mtu si ni yuleyule? Alipoona nilikuwa nimeshachonga nusu. Alipumua tu kwa pua. Ubao wa maandishi aliubandika yeye, hakuniachia.

Maandishi ni haya: ZAKARIA MZARAMO, AMEKUFA AKICHIMBA GARI AMBALO HALIKUWAKA.

Najua kwamba halikuwaka kwa sababu siku ya pili baada ya kifo chako ni mimi niliyekuja na waya na gari la kuazima kuliamsha, betri ilikuwa imekufa kabisa. Ulichimba asubuhi yote, moyo ukapasuka kwa ajili ya gari ambalo lisingekupeleka hata kwenye kona. Mtu mwingine angeliita jambo hilo huzuni. Kwa mtani ni jiwe la kukutupia, na nilijua kwamba nisipolitupa mimi hakuna mwingine.

Tulichapa Jumamosi moja. Karatasi tuliilowesha tangu jana yake. Unapaka rangi na uji wa mchele kwa brashi, unalaza karatasi, unasugua mgongoni mwake kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, unasugua kwa uzito wa mwili wote. Hapo mgongo wangu wa upagazi ukawa na faida. Nguo yako tuliipa samawati iliyopauka, Mzee alisisitiza. Ulipoinuka kutoka kwenye ubao wa kwanza nilikusalimu kwa sauti kubwa, "Mzaramo, umeamkaje?" Yule mzee akageukia dirisha.

Zilitoka thelathini zinazofaa. Nyingine rangi ilimwagika, hizo nimezibandika dirishani kwangu.

Sasa la kuzipeleka. Nilipanda basi mbili kwenda Brooklyn Park, mchana, Jumapili, baada ya ibada. Mwezi wa tano ulikuwa unaisha na bado nilikuwa na baridi. Njia nzima nilikuwa nasema nikifika nitateremka nivuke barabara nipande la kurudi. Ningekuwa peke yangu ningerudi. Lakini ulikuwa mapajani mwangu ndani ya bahasha, na ulikuwa unanicheka.

Mama Neema alifungua mlango mnyororo ukiwa bado umefungwa. Amekonda. Alinitazama kwenye ule ufa, akasema, "Umekuja kucheza tena?"

Nikasema, "Shemeji, nimekuja kumaliza. Ukikasirika, nitaondoka na hutaniona tena mpaka nife." Nikapitisha picha moja kwenye ufa.

Aliichukua. Mlango ukafungwa. Nikasimama kwenye ile korido yenye zulia la harufu ya vitunguu vya watu, nikihesabu milango, nikasema basi, Mihayo, umemzika rafiki yako mara mbili na mara zote mbili umeharibu. Nilikuwa nimeshageuka. Nikasikia mnyororo.

Alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia. Akasema, "Mguu si huu."

Sikuelewa.

"Umemchora anachechemea wa kulia. Mbovu ulikuwa wa kushoto. Miaka yote mnakaa hapa mnatukanana, hata mguu wake hukuujua?"

Nikaanza kumweleza habari ya karatasi kubandikwa chali, nikababaika, nikaona mdomo wake unacheza. Sikujua ni kilio au nini. Akaweka kidole chini, penye maandishi. Akaniuliza, "Hii ya gari nani alikuambia?"

Nikamwambia ni mimi niliyekuja na waya. Akakaa palepale mlangoni, chini, kwenye zulia, na nguo yake ya kanisani. Nikakaa pia, upande wa nje. Akanisimulia kitu ambacho hakukimwambia mtu, na nakiandika hapa kwa sababu wewe una haki ya kukijua. Ile asubuhi, gari la wagonjwa lilipoondoka na wewe, alikimbilia gari lenu awafuate. Lilikuwa limechimbwa vizuri, alisema, theluji imekatwa pembe kama keki. Akaingia, akatia ufunguo. Halikulia hata kidogo. Akajaribu tena. Na hapo, mumewe yuko njiani anakufa, kicheko kikamtoka. Alicheka peke yake ndani ya gari mpaka madirisha yakaingia ukungu.

"Mihayo," aliniambia, "tangu siku hiyo najiona mchawi. Ni mke gani huyo? Halafu wewe ukaingia kanisani na koleo. Nilidhani umeniona. Nilidhani unanifanyia mimi."

  Nikamwambia kwamba huko kwetu angepewa kiti cha mbele. Kwamba kumbe siku ile wewe ulichekwa, palikuwa na mtu aliyekucheka kabla hata hujafika hospitali, na aliyekucheka ni mwenye haki kuliko mimi. Akalia, Zakaria. Alilia vile alivyokataa kulia kanisani, na katikati ya kulia akaitazama picha, akasema, "Na huyu malaika na saa yake! Kweli alichelewa kila mahali huyu mtu," akacheka, akalia tena. Nilimshikia mlango usijifunge.

Usidhani mambo ni mazuri. Ameongeza shifti kwenye nyumba ya wazee, miguu inamvimba. Anasema atahamia Apple Valley kwa dada yake, kwa sababu hawezi tena kupita pale penye egesho la magari ulipoanguka. Atakwenda mbali na mimi, na sina gari. Picha kumi amechukua: za Murang'a, na moja ya mama yako Maneromango, ambayo tumeiandikia nyuma kwamba mguu ni kosa la Mnyamwezi.

Na mimi nimeona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nashughulika na wewe tu. Lakini nikifa hapa, kwenye mji huu wa baridi, nani atanicheka? Watanizika kwa adabu. Wataniita bwana. Wazo hilo lilinijia palepale kwenye korido.

Ndipo Neema akatoka chumbani. Amerefuka. Mama yake akampa picha, akaniambia, "Mweleze wewe." Nikamweleza kwa Kiswahili polepole, kwamba baba yake alikuwa Mzaramo, kwa hiyo yeye ni Mzaramo, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana mimi maisha yangu yote na sina haki ya kukasirika. Alinisikiliza amekunja uso kama wewe ulipokuwa ukipima kioo. Akatazama picha, akanitazama mimi. Akajibu kwa Kiingereza kwamba kwenye picha sina shingo, na hata hapa mlangoni sina.

Mama yake akafunika mdomo. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Lala, Mzaramo. Sina zaidi. Popote Neema atakapohamishwa nitamfuata, hata kwa basi tatu, na kila nikienda nitamfundisha mwanao tusi moja kwa Kiswahili safi, mpaka siku nitakayokosa la kumjibu.

Mpagazi wako,
Mihayo